Sir William Ramsay: Mwanasayansi aliyeikuta gesi ya jua ardhini

Katika mtaa wa Darsait, mjini Muscat, bahari haiko mbali na mlango wa mtu. Upande mmoja iko Mutrah na bandari yake kongwe. Upande wa pili iko Mina al Fahal, ambako mafuta ya Oman yalianza kusafirishwa kwenda nje mwaka 1967. Katika mitaa ya mji huo Kiswahili husikika pamoja na Kiarabu, kwa kuwa familia nyingi za Waomani zilirejea kutoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki baada ya mwaka 1964, na hasa baada ya mwaka 1970.

Mahali ambapo watu hupiga mbizi na wengine hufanya kazi ya mafuta na gesi, liko swali ambalo halikubali jibu la kubahatisha: ndani ya mtungi huu mna nini? Gesi nyingi hazina rangi wala harufu. Jicho haliwezi kutofautisha mtungi wa hewa ya kawaida na mtungi wenye mchanganyiko wa oksijeni, naitrojeni na heliamu. Anayejua ni yule mwenye chombo cha kupimia.

Mpiga mbizi anayekwenda kina kirefu huhitaji heliamu kwa sababu ya maisha yake. Akivuta hewa ya kawaida chini sana baharini, naitrojeni humlevya kama pombe, na oksijeni nayo hugeuka sumu kadiri mgandamizo unavyoongezeka. Kwa hiyo sehemu ya gesi hizo mbili hupunguzwa na nafasi yake huchukuliwa na heliamu, ambayo hailevyi. Mchanganyiko mmoja unaofahamika una asilimia 18 ya oksijeni, asilimia 45 ya heliamu, na sehemu iliyosalia ni naitrojeni. Mjazaji wa mitungi akikosea hesabu, na kosa lisigunduliwe nchi kavu, litagunduliwa chini ya maji, mahali ambapo nafasi ya kusahihisha ni finyu mno.

Gesi hiyo ilikuwa haijulikani kabisa hapa duniani hadi mwaka 1895. Aliyeikuta alikuwa mkemia wa Kiskoti, Sir William Ramsay, na maisha yake yote yalikuwa mfano wa mtu aliyekataa kuidharau tofauti ndogo katika vipimo.

Mtoto wa Glasgow

William Ramsay alizaliwa mjini Glasgow, Scotland, tarehe 2 Oktoba 1852. Baba yake alikuwa mhandisi, na mmoja wa ami zake, Andrew Ramsay, alikuwa mwanajiolojia mwenye jina kubwa. Inasimuliwa kwamba kijana William aliivutiwa na kemia alipokuwa amelazwa baada ya kuvunjika mguu katika mchezo wa mpira, akasoma kitabu cha somo hilo kwa shabaha ya kitoto: kujua namna ya kutengeneza fataki.

Baada ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Glasgow alikwenda Ujerumani, nchi ambayo wakati huo ilikuwa kitovu cha elimu ya kemia. Huko Tübingen alipata shahada ya udaktari mwaka 1872, akiwa na umri usiozidi miaka 20. Alirudi Glasgow kufundisha, kisha mwaka 1880 akawa profesa mjini Bristol, na mwaka uliofuata akakabidhiwa uongozi wa chuo hicho. Mwaka huo huo wa 1881 alimuoa Margaret Buchanan. Mwaka 1887 alihamia University College, London, ambako alifanya kazi kwa robo karne.

Ramsay alikuwa na ustadi uliomfaa kuliko cheo chochote: alijua kufinyanga kioo kwa moto na pumzi. Mirija, chupa na pampu nyingi alizozitumia alizitengeneza kwa mikono yake. Katika zama zile, mtafiti wa gesi asiyeweza kuunda chombo chake alilazimika kusubiri fundi, na mara nyingi fundi hakuelewa kinachotakiwa. Ramsay hakumsubiri mtu. Kwa sababu hiyo aliweza kufanya kazi na ujazo mdogo wa gesi ambao wengine wasingeuona hata kama upo.

Tofauti iliyowashinda wengine

Safari yake ya umaarufu ilianza na tatizo la mtu mwingine. Mwanafizikia Lord Rayleigh alikuwa akipima uzito wa naitrojeni. Aligundua kwamba naitrojeni iliyotolewa katika hewa ilikuwa nzito kidogo kuliko naitrojeni iliyotengenezwa kwa njia za kikemia. Lita moja ya ile ya hewa ilikuwa na uzito wa takriban gramu 1.257, na lita moja ya ile nyingine gramu 1.251. Tofauti ilikuwa kama nusu ya asilimia moja.

Watu wengi wangesema mizani imekosea. Rayleigh aliamini mizani yake, akaueleza ulimwengu wa sayansi tatizo lake na kuomba msaada. Ramsay aliitikia. Alichukua naitrojeni ya hewa akaipitisha mara nyingi juu ya magnesiamu iliyopashwa moto, kwa kuwa madini hayo huinyonya naitrojeni. Kila alipoirudia kazi hiyo gesi ilipungua, lakini haikwisha. Kilibaki kiasi kidogo ambacho hakikukubali kuungana na kitu chochote.

Mwezi Agosti 1894 wanasayansi hao wawili walitangaza kwamba katika hewa ambayo binadamu ameivuta tangu azaliwe mna gesi isiyojulikana. Waliiita agoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu. Karibu asilimia moja ya hewa yote ni gesi hiyo, na hakuna aliyekuwa ameitambua. Zaidi ya karne moja kabla yao, mwaka 1785, Henry Cavendish aliliona povu dogo lililokataa kutoweka katika majaribio yake, akaliandika katika kumbukumbu zake, na jambo likaishia hapo.

Mstari wa manjano

Ili kuelewa kilichotokea mwaka uliofuata, yafaa kurudi nyuma hadi tarehe 18 Agosti 1868. Siku hiyo jua lilipatwa, na kivuli cha mwezi kilipita Aden, kikavuka Bahari ya Arabu na kuingia India. Mjini Guntur, Mfaransa Jules Janssen aliielekeza spektroskopu yake, yaani chombo kinachoichambua nuru katika rangi zake, kwenye miali ya gesi iliyozunguka jua. Miezi miwili baadaye, nchini Uingereza, Norman Lockyer alitazama miali hiyo hiyo bila kusubiri kupatwa kwa jua. Ulionekana mstari wa manjano ambao haukulingana na ule wa sodiamu wala wa kitu kingine kilichofahamika.

Kila elementi ikipashwa moto hutoa mistari yake ya nuru, kama vile kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Lockyer alihitimisha kwamba katika jua mna elementi isiyokuwapo duniani, nayo ikapewa jina la heliamu, kutokana na neno la Kigiriki linalomaanisha jua. Kwa miaka 27 wako walioamini na wako waliodhihaki, kwa sababu hakuna aliyewahi kuishika gesi hiyo mkononi.

Mapema mwaka 1895, Henry Miers wa Makumbusho ya Uingereza alimwandikia Ramsay barua. Alimkumbusha kwamba mkemia wa Kimarekani, William Hillebrand, alikuwa amepata gesi alipoyayeyusha madini yenye urani katika asidi, na akaidhania kuwa ni naitrojeni. Ramsay, ambaye sasa alikuwa na sababu ya kuishuku kila naitrojeni, alinunua kiasi kidogo cha madini yaitwayo kleveiti, akayachemsha katika asidi ya salfuriki, akaikusanya gesi iliyotoka na kuisafisha. Alipoitia umeme katika mrija wa kioo na kuitazama kwa spektroskopu, aliona mstari mkali wa manjano.

Hakukimbilia kutangaza. Alimpelekea sampuli William Crookes, bingwa wa vipimo vya nuru, ambaye alithibitisha kwamba mstari ule ulikuwa ule ule wa jua. Ilikuwa mwezi Machi 1895. Karibu wakati huo huo, mjini Uppsala, Sweden, Per Teodor Cleve na Nils Abraham Langlet waliipata heliamu kutoka katika madini ya aina hiyo hiyo, bila kushirikiana na Ramsay, na wakaupima uzito wa atomu yake.

Hivyo kipimo cha kwanza cha heliamu kilikuwa nuru yenyewe. Kiliweza kusema ipo au haipo. Kusema ipo kwa kiasi gani kulihitaji kazi nyingine.

Safu nzima ya elementi

Agoni na heliamu hazikuwa na nafasi katika jedwali la elementi la Mendeleev. Ramsay aliona kwamba kama ziko mbili, basi pengine iko safu nzima. Akiwa na msaidizi wake Morris Travers, alitumia hewa iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, kisha akaiacha ichemke polepole na kuzikusanya gesi kwa mpangilio wa kuchemka kwake. Mwaka 1898, katika muda wa wiki chache tu, walipata kriptoni, neoni na zenoni.

Mwaka 1903 Ramsay na kijana Frederick Soddy walionyesha jambo lililowashtua wengi: radiamu, bila kuguswa na mtu, huzaa heliamu. Elementi moja ilikuwa ikitoka katika nyingine. Ugunduzi huo ulieleza kwa nini heliamu ilifichama katika madini ya urani. Urani na thoriamu huoza taratibu mno, na katika kuoza huko hutoa heliamu. Mwamba wenye madini hayo ni kama chungu kinachojazwa tone kwa tone kwa mamilioni ya miaka.

Mwaka 1904 Ramsay alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, akiwa Mwingereza wa kwanza kuipata katika somo hilo. Mwaka huo huo Rayleigh alipata ile ya Fizikia. Tofauti ya nusu asilimia iliwafikisha wote wawili Stockholm.

India na suala la taasisi

Wasomaji wa pwani ya Bahari ya Hindi wana sababu nyingine ya kumkumbuka Ramsay. Mwaka 1900 alikwenda India kushauri juu ya mpango wa tajiri Jamsetji Tata wa kuanzisha chuo cha utafiti. Alizuru miji mbalimbali na kupendekeza Bangalore. Taasisi ya Sayansi ya India ilianzishwa huko mwaka 1909, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Morris Travers, yule yule aliyezigundua naye gesi adimu.

India ilikuwa koloni wakati huo, lakini ilipata mahali ambapo watu wake wangeweza kujifunza kupima, kutengeneza vyombo na kubishana na takwimu za wengine. Chuo hicho kilizaa vizazi vya wanasayansi kabla na baada ya uhuru. Katika Afrika Mashariki taasisi za namna hiyo zilichelewa kwa miongo mingi, na athari ya kuchelewa huko haijakwisha.

Kosa la bingwa

Si sahihi kumchora Ramsay kama mtu asiyekosea. Mwaka 1907 alitangaza kwamba ameigeuza shaba kuwa lithiamu kwa kutumia nguvu za mionzi. Habari hiyo ilienea upesi, kwa kuwa aliyeitoa alikuwa mshindi wa Nobel. Mwaka uliofuata, katika maabara ya Marie Curie mjini Paris, jaribio lilirudiwa kwa vyombo visivyotoa uchafu wa lithiamu kutoka katika kioo, na matokeo ya Ramsay hayakuonekana. Fundi stadi wa kioo aliangushwa na kioo.

Tukio hilo halikufuta kazi yake ya awali, ila liliacha somo. Kipimo hakiheshimu jina la mpimaji. Kinachokubalika ni kile ambacho mtu mwingine, mahali pengine, kwa chombo kingine, anaweza kukirudia akapata jibu lile lile.

Kutoka maabara hadi mtungini

Kwa miaka kadhaa heliamu ilibaki kuwa kitu cha maajabu, kinachopatikana kwa vijiko. Kisha kikaja kisa cha Dexter, katika jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 1903 kisima cha gesi kilichotazamiwa kuleta utajiri kilitoa gesi iliyokataa kuwaka, na wakazi wakarudi nyumbani wamekata tamaa. Katika Chuo Kikuu cha Kansas, Hamilton Cady na David McFarland waliichunguza. Waliipitisha juu ya makaa ya vifuu vya nazi yaliyopozwa kwa hewa ya kimiminika. Makaa yalizinyonya gesi nyingine na kuiacha heliamu. Mwaka 1905 walipata jibu: gesi ile ilikuwa na heliamu asilimia 1.84. Kisima kilichodharauliwa kilikuwa na hazina.

Vyombo vya leo vimekuwa vidogo na vyepesi, lakini vinafuata tabia zile zile za gesi hiyo. Aina moja hutumia uzi mwembamba uliopashwa moto kwa umeme. Heliamu hupitisha joto karibu mara sita kuliko hewa, hivyo kadiri inavyozidi katika mchanganyiko ndivyo uzi unavyopoa, na kupoa huko hugeuzwa kuwa asilimia. Oksijeni na naitrojeni hazitofautiani sana katika kupitisha joto, na ndiyo sababu heliamu hujitokeza waziwazi. Njia hii ilistawi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, pale G. A. Shakespear wa Birmingham alipounda chombo cha kugundua hidrojeni iliyovuja katika vyombo vya angani.

Aina nyingine hupima mwendo wa sauti. Katika hewa sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde. Katika heliamu hufikia karibu mita 1,000. Hiyo ndiyo sababu anayevuta heliamu husikika akisema kwa sauti kama ya katuni. Oksijeni hupimwa kwa seli yake ya pekee, na kinachobaki huhesabiwa kuwa naitrojeni. Katika maabara kubwa za mafuta na gesi hutumika mashine zinazozitenganisha gesi moja baada ya nyingine kabla ya kuzihesabu.

Fikra ya kuwapa wapiga mbizi heliamu ilitolewa na Elihu Thomson mwaka 1919, miaka mitatu baada ya kifo cha Ramsay. Mwaka 1939, nyambizi ya Marekani iitwayo Squalus ilipozama kwenye kina cha zaidi ya mita 70, wapiga mbizi wa jeshi la majini walivuta mchanganyiko wa heliamu na oksijeni katika kazi ya kuiinua.

Ghuba na Rukwa

Leo heliamu ni bidhaa yenye uzito wa kisiasa. Ikiwa kimiminika, baridi yake ya nyuzi 269 chini ya sifuri hupoza sumaku za mashine za MRI hospitalini, na viwanda vya vifaa vya elektroniki huitegemea. Qatar, iliyoanza kuizalisha kwa wingi mwaka 2005, iliingia katika safu ya wauzaji wakubwa wa dunia. Mwaka 2017, majirani zake walipoifungia mipaka, viwanda vyake vya heliamu vilisimama kwa muda, na bandari za Oman zilikuwa miongoni mwa njia mpya za bidhaa za nchi hiyo. Hospitali za mbali zilitambua ghafla kwamba mashine zao zinategemea barabara za Ghuba.

Kwa Afrika Mashariki, jina linalotajwa ni Rukwa. Kwa miaka mingi wanajiolojia walijua kwamba mapovu katika baadhi ya chemchemi za maji moto za Tanzania yana heliamu. Mwezi Juni 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja ya Bonde la Rukwa. Maelezo yao yalimrudia Ramsay moja kwa moja: miamba ya kale imekuwa ikiitoa heliamu kutokana na urani na thoriamu, na joto la volkano za Bonde la Ufa limeifungulia njia ya kupanda. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula West-1 kilileta juu gesi yenye heliamu zaidi ya asilimia 4. Hewa ya kawaida ina sehemu 5 tu katika milioni, na penye asilimia 0.3 biashara huweza kuanza kufikiriwa.

Takwimu hizo zinavutia, lakini makadirio si akiba iliyothibitishwa, na asilimia ya kisima kimoja si asilimia ya bonde zima. Mkataba, mrabaha na kodi vyote hujengwa juu ya namba inayosomwa katika chombo. Nchi yenye wataalamu na maabara zake inaweza kuchukua sampuli, kupima na kuuliza maswali. Nchi isiyo navyo hubaki kuamini karatasi inayoletwa mezani. Wananchi wanaoishi jirani na visima hivyo wana haki ya kujua ni nani aliyepima, kwa chombo gani, na kama mwingine amerudia.

Sir William Ramsay alifariki dunia tarehe 23 Julai 1916 huko Buckinghamshire, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 63, baada ya kuugua saratani ya pua. Vita Vikuu vilikuwa vikiendelea, na heliamu ilikuwa bado haijampeleka mpiga mbizi yeyote chini ya bahari wala kupoza mashine ya hospitali. Aliiacha dunia ikiwa na safu mpya katika jedwali la elementi, na ikiwa na ushahidi kwamba gesi iliyodhaniwa kuwa naitrojeni tu, ikipimwa tena na mtu mwangalifu, inaweza kuwa kitu kingine kabisa.